Tulivyompelekea Khadija Nyumba Chundwa

Tangu turudi, kila anayekuja kununua achari kibarazani kwangu hapa Amu huniuliza swali lile lile: eti ni kweli mlivuka bahari mkiwa mmekaa ndani ya nyumba? Ni kweli. Nimechoka kuisimulia vipande vipande, huyu nikimpa mwanzo, yule akidai mwisho, na wa tatu akiniambia mume wangu amemweleza tofauti. Mume wangu anaeleza tofauti kwa sababu katika masimulizi yake hatukugonga kitu. Basi naandika mara moja. Someni, mpitishiane, na anayetaka achari aje anunue achari.

Mnajua Khadija, mwanangu wa pekee, alipata kazi ya uuguzi katika zahanati ya Chundwa, na huko huko kisiwani Pate akachumbiwa na mwalimu mmoja, Athman. Kwetu binti haolewi akapelekwa kwa watu. Baba humpa nyumba, na mume ndiye humfuata. Bibi yangu alikuwa akisema nyumba ikiwa ya mke, wakigombana hutoka mume. Ikiwa ya mume, hutoka mke na mtoto mkononi. Mama yangu aliolewa kwake, nami niliolewa kwangu, na nilikuwa tayari kufanya lolote Khadija naye aolewe kwake.

Shida ni kwamba mume wangu, Twalib, ni fundi wa milango. Alipoanza kumjengea bintiye nyumba kwenye kiwanja alichorithi Chundwa, alianzia mlango. Mbao za msaji, nakshi kutoka juu mpaka chini, mabawa mawili na kizingiti cha kuinua mguu. Ulipokwisha ulikuwa mzuri mpaka watu wakaja kuupiga picha, na kuta wakati huo zilikuwa zimefika magotini. Siku ya harusi ikawa inakaribia. Mama wa bwana harusi, Bi Mwanaesha, akatuletea salamu za heshima kubwa: tusijisumbue, Khadija atakaa kwake, kipo chumba karibu na jiko. Karibu na jiko!

Ndipo Twalib akakumbuka trela. Kuna wazungu wawili wazee waliokuwa wakipanga chumba kwetu kila mwaka, na walikuwa na trela yao ya kulala, ile nyumba ndogo inayokokotwa nyuma ya gari. Walipochoka kusafiri waliiacha kwenye ua wa mtu huko Kilifi. Namna ilivyokuwa yetu nawaondolea, ni mambo ya karatasi na simu.

Kilifi hadi Malindi

Ilikuwa nyeupe, na mapazia yake yalikuwa ya maua. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki, na meza ambayo ukiisukuma inageuka kitanda kingine. Mimi niliipenda pale pale. Twalib aliigonga ukutani kwa kidole, kama anavyogonga mbao sokoni, akasikiliza.

"Bati na sifongo," akasema kwa huzuni ya mtu aliyepewa habari za msiba.

Aliyekuja kutukokotea na pikapu yake ni Kamau wa Mpeketoni, mtu mzima mwenye kofia ya sufu katika joto lile. Alikuwa amewahi kukokota trela ya ng'ombe, lakini yenye mapazia hajapata. Sisi, kama mnavyojua, tumezaliwa katika mji ambao punda wawili wakikutana kichochoroni mmoja lazima apishe. Kamau alitutazama akatupa sheria moja tu.

"Mama, hii kitu ni rahisi. Unaenda mbele. Usijaribu kurudi nyuma."

Tuliishika sheria hiyo mpaka kituo cha mafuta cha Malindi. Pale lori lilikuwa limesimama mbele yetu na dereva wake ameingia kula. Kamau akangoja, akapiga honi, akavuta pumzi, akatia rivasi. Trela ikaenda upande wake, pikapu upande wake, vikakunjana kama kisu cha mfukoni. Watu wakaja kutusaidia. Mwuza magazeti alisema kata kulia, mama wa mahamri kata kushoto, na Twalib alikuwa nyuma akiipiga trela kofi ubavuni na kupiga kelele, "Legeza! Shikilia! Legeza!"

"Mzee, nilegeze nini?" Kamau akauliza dirishani, jasho likimtoka chini ya sufu.

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Trela ililala kati ya pampu na mashine ya upepo, na hakuna gari lililoweza kuingia wala kutoka. Abiria wa basi moja waliteremka kwa hiari yao, wakaichomoa trela kwenye pikapu waisukume kwa mikono. Walipoichomoa tu, ikaanza kwenda yenyewe, polepole, kuelekea hoteli iliyojaa watu wanaokula biriani. Hakuna aliyefikiria jiwe. Mimi nilikuwa na sinia langu la mkate wa sinia, nimeuoka mwenyewe kwa ajili ya njia. Nikalitupa mbele ya gurudumu, trela ikasimama. Mkate tuliula hivyo hivyo, mwembamba kama chapati, na Kamau aliusifu.

Malindi hadi Witu

Kamau alisema hawezi kuvuka Garsen na watu wasiojua kurudi nyuma, kwa sababu yeye anaishia Mokowe, na huko mbele ni sisi na Mungu wetu. Tulipokaribia Garsen akaona uwanja wa mpira, akaingia. Aliweka mawe mawili chini, akamwambia Twalib aiingize trela katikati yake. Twalib ana leseni. Aliipata Mombasa kabla hatujaoana na tangu hapo hajaitumia ila kuwaonyesha wageni.

"Ukitaka nyuma iende kulia, unakata usukani kushoto," Kamau akasema.

Twalib akamgeukia. "Yaani kitu hichi hakikutii mpaka ukihadae?"

"Ndio hivyo, mzee."

"Mimi sitaki kazi ya hadaa."

Na kweli hakuiweza. Alirudi nyuma mpaka kwenye majani, akarudi nyuma mpaka kwenye ng'ombe, ng'ombe wakahama. Vijana waliokuja kucheza mpira wakakaa chini kutazama. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, na kadiri nilivyotazama ndivyo nilivyoona kitu ninachokijua. Baba yangu alikuwa na mashua ndogo Matondoni, na nilipokuwa msichana aliniachia niishike. Ule mti wa usukani ukiusukuma kushoto, mashua huenda kulia. Huo si uongo, ndivyo chombo kilivyo. Nikaomba nijaribu.

Sijawahi kuendesha gari maishani. Kamau alikaa karibu nami, mkono juu ya handibreki, akisali kwa lugha yake. Nikafumba macho nikaona mashua ya baba, nikayafumbua, nikaipeleka trela taratibu ikakaa katikati ya mawe kama iliyopimwa. Vijana wakapiga makofi. Twalib akatazama mbinguni.

Hapo ningeteremka ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini makofi ni matamu, nikasema hebu nirudie. Mara ya pili niliangusha goli. Lilikuwa goli la miti mitatu, likaenda chini lote, na makofi yakakatika.

Tusingeweza kuwaacha na goli chini. Twalib akatoa mfuko wake wa vyuma, na uso wake ulikunjuka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alilisimamisha, akalikaza, akakata vibanzi. Halafu akaanza kulilainisha kwa randa.

"Baba Khadija," nikamwambia, "ni goli."

"Ni mti," akasema.

Tulipoondoka jua lilikuwa limegeuka, na kwenye mti wa kulia wa goli lile kuna waridi lililochongwa, si kubwa, lenye jani moja. Mkipita mtaliona. Hatukusemezana mpaka Witu, mimi kwa sababu ya kucheka, yeye kwa sababu ya mawe yale mawili.

Witu hadi Mokowe

Witu tulikunywa chai na mbaazi na mahamri, tukaendelea hadi kizuizi cha askari. Mmoja alizunguka trela, akachungulia dirishani.

"Ndani kuna watu wangapi?"

"Hakuna mtu," Kamau akasema.

"Nyumba, lakini haina watu?"

"Haijahamiwa."

Askari akataka kuikagua. Ni haki yake, usalama wa barabara ile mnaujua. Lakini Twalib alikuwa ameshateremka na kusimama mlangoni pa trela, mkono kifuani, kwa adabu yote ya kwetu.

"Karibu ndani, bwana. Ila viatu. Hini ni nyumba ya bibi harusi, hajaingia mwenyewe."

Nilidhani tutalala pale. Yule askari alimtazama, akatazama buti zake zenye kamba mpaka karibu na goti, akaketi kwenye ngazi akaanza kuzifungua. Gari zilizokuwa nyuma yetu zilifika tatu, kisha sita, kisha sikuhesabu. Akaingia na soksi zake, moja ina dirisha kwenye kidole gumba. Akafungua bomba, akafunga. Akakaa kwenye kiti cha nyuma.

"Mke wangu nimemwahidi sinki," akasema, "mwaka wa ngapi huu."

Mwenzake alikuja kumtafuta, naye akavuliwa viatu. Walipotoka walitupigia saluti, na wa kwanza akasema Mungu aibariki ndoa hiyo. Aliyekuwa nyuma yetu, dereva wa gari la nyanya, alisema maneno mengine.

Mokowe hadi Mtangawanda

Kamau aliagana nasi gatini. Alituachia mawe yake mawili yale ya uwanjani, kumbe alikuwa ameyabeba, akasema, "Mama, kumbuka kabla ya kuichomoa, mawe kwanza." Nilisikitika kuachana naye.

Mtu aliyekubali kutuvusha ni Nahodha Omari wa Pate. Alifunga mashua mbili za mashini ubavu kwa ubavu, akalaza mbao juu yake, na watu wa gati wakaipandisha trela wakati maji yamejaa. Kabla ya kuwasha mashini alisimama akaikazia macho.

"Omo yake ni wapi?"

Twalib akaonyesha ule mkono wa kuvutia, kuwa ndio mbele. Nahodha akasema la, upande wenye dirisha kubwa ndio omo, kwa kuwa mtu wa mbele lazima aone. Wakabishana. Wote wawili walikuwa na hoja, na maji hayakuwa yakiwangojea. Mwishowe trela ikageuzwa ikaelekezwa kule alikotaka nahodha, na kwa sababu ya mabishano hayo tulifika Mkanda maji yameshaanza kutoka.

Mnaujua ule mfereji wa mikoko. Maji yakikimbia, aliyechelewa amechelewa. Tukakaa juu ya mchanga sisi na mashua nyingine kadhaa, mikoko imetuingia madirishani.

"Mai yakiya tutaondoka," nahodha akasema, akalala.

Nilikuwa na jiko, unga, sukari, na tangawizi. Nikainjika chai yangu na ya Twalib, nikachoma na chapati. Harufu ikatoka. Mzee mmoja kwenye mashua ya jirani akauliza kwa upole kama hoteli imefunguliwa. Nikamwambia si hoteli, lakini anywe. Kisha wakaja wengine, wamekunja misuli waliyovaa, wanatembea kwenye tope, wanaacha viatu kwenye ubao na kupanda. Bi mmoja wa Faza aliyekuwa na kichefuchefu nikamlaza kitandani, akafunga mapazia. Wawili walileta samaki, mmoja alileta ndimu, na mwengine, ambaye hakuleta kitu, aliniambia chapati zangu nene. Maji yaliporudi Nahodha Omari aliamka akakuta abiria wamejaa juu na hakuna anayetaka kuteremka, kwa kuwa birika la pili lilikuwa halijachemka. Ilibidi angoje. Nilimwona akinitazama kama mtu anayetafakari biashara.

Mtangawanda hadi Chundwa

Sasa trela ilikuwa ishuke mashuani, ipande ufukoni. Nahodha aliita wanaume wa gati, wakaja wengi na kamba nene, wakaifunga trela kiunoni kama wanavyofunga jahazi linalotolewa kwenye maji. Nikafurahi. Halafu wote wakaketi kivulini.

Nikamwuliza aliyekuwa mbele yao wanangoja nini.

"Twangoya wewe, Bi."

"Mimi nifanye nini?"

"Chombo hakivutwi kwa ndaa."

Nilimweleza kuwa hiki si chombo, ni nyumba. Akaniambia kimekuja juu ya maji, kina omo na tezi, mbele na nyuma, na kinavutwa kwa kamba. Na mwenye chombo akivutiwa hulisha watu, ndivyo ilivyo tangu wazee, na asiyelisha chombo chake hakina baraka. Ningekuwa mimi ndiye mvutaji, ningesema vivyo hivyo.

Nikaagiza mchele na papa mkavu na nazi, nikapika mle mle ndani, mafiga mawili, sufuria baada ya sufuria, trela ikiwa bado juu ya mashua inayumba. Wali wa mwisho ulikuwa jikoni, haujakauka, niliposikia wimbo wa kuvuta umeanza. Nikachungulia dirishani kuwaambia wangoje. Walikuwa wameshashiba na hawangojei tena. Trela ikaruka mbele. Nilikumbatia sufuria kwa kanga mbili, nikaweka mgongo kwenye kabati, nikapanda ufukoni kwa ngoma na vifijo, nikimwita kila mtume ninayemjua. Wali haukumwagika. Twalib hapa husema yeye ndiye aliyekuwa ndani. Msimsikilize.

Kutoka hapo tulivutwa na trekta, tukapita Pate na Siyu, watu wakitoka mabarazani kutuamkia. Bi mmoja alinipungia mkono akauliza twahamia wapi. Nikasema harusini.

Chundwa

Athman na Khadija walitungojea kiwanjani, yeye huku na yeye kule, kwa adabu. Na katikati ya kiwanja, kuta zikiwa za magotini, ulisimama mlango wa Twalib kwenye fremu yake, umefungwa, hauna chumba nyuma yake wala paa juu yake. Upepo wa kaskazi ulikuwa ukipita pande zote mbili.

Twalib alisema ataiegesha trela mwenyewe. Alipanda kwenye trekta. Na wallahi, aliirudisha vizuri, akakata kushoto kwenda kulia, akaipitisha pale kuta zilipokuwa na mwanya, akaiweka nyuma ya mlango wake sawasawa bila kugusa jiwe. Akateremka akiwa kijana wa miaka ishirini. Kisha Khadija akasema polepole, "Baba, tutaingilia wapi?" Mlango wa trela ulikuwa umeelekea msituni. Ilibidi waitwe tena wanaume, na mimi nirudi jikoni.

Ilipogeuzwa Twalib aliisawazisha kwa pima maji, akaweka mawe ya Kamau chini ya magurudumu, akairudisha trekta kwa wenyewe. Kwenye pembe za trela kulikuwa na miguu minne ya chuma iliyokunjwa. Alisema hiyo ni ya siku za upepo.

Alasiri ile Bi Mwanaesha alikuja kutazama nyumba, pamoja na dada zake na mashoga, wote na mabuibui ya kutokea. Kama nyumba isingempendeza, Khadija angekwenda kwenye chumba cha karibu na jiko, na harusi ilikuwa kesho. Kiwanja kilikuwa wazi. Mbuzi wawili walikuwa wamepita pembeni ya mlango dakika ile ile. Bi Mwanaesha hakupita pembeni. Alisimama mbele ya mlango wa nakshi, akabisha, akapiga hodi. Nilikuwa nikimwona na yeye alikuwa akiniona. Nikatoka ndani ya trela, nikatembea mpaka mlangoni, nikaufungua mabawa yote mawili.

"Karibuni."

"Tushakaribia," akasema, akainua mguu kwenye kizingiti.

Kiti cha heshima ni cha nyuma kabisa, chini ya dirisha kubwa. Nikawapeleka huko wote, na mimi nikafuata na sinia la haluwa. Tulipokwisha kukaa, mbele ya trela ikanyanyuka. Haikuwa na haraka. Ilinyanyuka mpaka nikaona mawingu kwenye dirisha la mbele, na sisi sote tukateleza tukarundikana nyuma, Bi Mwanaesha chini na haluwa pajani.

Sasa, wale ni wanawake wa visiwani. Hakuna hata mmoja aliyepiga yowe. Kila mmoja tangu utotoni anajua chombo kikilala upande mmoja watu hukimbilia upande wa juu, wakakimbia wote pamoja, na mimi nikakimbia nao. Trela ikaanguka mbele kwa kishindo, vikombe vikatoka kabatini. Tukapumua. Kisha shangazi mmoja akarudi nyuma kuokota kiatu, na wawili wakamfuata kumsaidia, na mbele ikapanda tena. Tukakimbia tena. Nje Twalib alikuwa akizunguka akiita, "Kaani kati! Kaani kati!" mpaka Athman, mwalimu, akakunjua ile miguu minne ya chuma, moja baada ya nyingine, na dunia ikatulia.

Bi Mwanaesha alitoka wa kwanza. Akajipangusa, akakaa juu ya ukuta wa magotini, akanitazama bila hasira.

"Bi Rehema, hini si nyumba. Ni chombo. Ina magurudumu. Yeo mwanangu ampenda binti yako, alhamdulillahi. Kesho wakiteta, akitia punda wawili mbele, nyumba imekwenda. Binti yako tasalia na mlango."

Alikuwa amesema kweli, tena ile kweli niliyoikimbia tangu Kilifi. Nilikuwa nimevuka bahari na nyumba ambayo mtu anaweza kuikokota kama mbuzi. Machozi yalinilenga mbele ya watu.

"Basi tuyatoe magurudumu," nikasema.

"La," akasema Twalib.

Alisema kwa sauti ya chini, akanivuta pembeni akaninong'oneza. Nyumba ya mawe ikiisha kujengwa, alisema, alikuwa ametaka trela hii ituchukue sisi wawili. Tanga. Bagamoyo. Alikuwa ameshapima pa kuweka randa na patasi zake, chini ya sinki. Miaka yote tuliyokaa hajapata kuniambia anataka kwenda mahali. Nilimhurumia sana, na nilimpenda, na sikurudisha neno langu. Kisha akaenda kwa Khadija, akasimama karibu naye kidogo, akarudi ameshika spana.

Wanaume waliinua, mimi nikaingiza mawe ya matumbawe yaliyokuwa ya ukuta, Twalib akafungua nati moja moja. Trela ikakaa chini. Ikabaki swali la nani akae na magurudumu. Bi Mwanaesha akasema bwana harusi, yeye ndiye mwanamume. Athman akafungua mdomo, lakini Khadija alikuwa ameshayaviringisha ndani, moja huku moja huku, akayasukuma chini ya kitanda chake.

Bi Mwanaesha aliingia, akainama, akainua shuka, akayaona kwa macho yake. Akaruka kidogo kwa kisigino, kujaribu. Haikutikisika.

"Haya. Sasa ni nyumba," akasema.

Harusi ilikuwa njema. Walikaa fungate yao siku saba humo, na chakula kilipigiwa hodi kwenye mlango wa nakshi kila siku.

Amu

Tumerudi kwetu, Twalib yuko kazini, anachonga dirisha la mtu. Juzi asubuhi simu ikalia. Alikuwa Bi Mwanaesha. Baada ya salamu, ambazo kwa watu wa Chundwa si fupi, akasema:

"Mwanao amemtoa mwanangu nde."

"Subhanallah. Kisa?"

"Ageuza kitanda meza, atia alama zitabu za wanafunzi, kisha hakirudishi. Aambiwa mara ya kwanza, mara ya pili. Sasa yuko kwangu. Amekuya na mto wake."

Nilipaswa kusikitika. Nilifurahi, nasema wazi, Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikaketi. Mwanangu kagombana na mumewe, na aliyetoka nje ni mume. Nikajitayarisha kwa lawama, kwa kuwa mama wa mtoto wa kiume ana haki ya kulaumu. Hakulaumu. Nilimsikia anatembea na simu, nikasikia mlango unasindikwa, na kikohozi cha mumewe kikabaki mbali, huko barazani.

"Bi Rehema," akasema kwa sauti ya chini, "mimi tangu niolewe nimo nyumbani mwa mamake mume wangu. Hata mama alipokufa imekuwa yake. Akinuna yeye, nitokao ni mimi. Nimeshalala kwa dada zangu wote."

Nikasema pole.

"Wale wazungu wako," akasema, "hawana chombo chengine? Kidogo tu. Cha mtu moya."